Amina ya Fundi Viatu

Haya, sogea nikutegee. Ni neno gani huwezi kulitoa mdomoni mpaka mwenzako atangulie kusema? Fikiri, usikimbilie mwisho.

Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chetu. Cherehani yangu iko dirishani, meza ya viatu ya mume wangu iko mlangoni. Kila asubuhi kabla ya kazi mimi huomba kwa sauti, yeye huitikia "Amina," kisha nyundo inaanza. Tulianza hivyo kifungua mimba wetu alipokuwa mchanga. Miaka arobaini na moja, hajakosa hata siku moja.

Juzi mjukuu wetu anayesomea uuguzi alikuja likizo. Nikaomba, babu yake akaitikia, yeye kimya.

"Mke mwenzangu, umemeza ulimi?" nikamtania.

Akaweka kikombe chini. "Bibi, nisikudanganye. Mimi siamini kama Mungu yupo."

Mguu wangu ukagandia kwenye pedali.

"Tazama hili gauni," nikamwambia. "Limejishona?"

"Hapana, bibi. Lakini wewe nakuona unalishona. Aliyeshona dunia sijamwona, na sitaki kujifanya nimemwona."

"Upepo je, unauona?"

"Siuoni, ila nauhisi."

"Basi nami namhisi hivyo hivyo."

Akacheka. "Hapo umenibana, bibi. Mimi lakini simhisi, nifanyeje?"

Hakunidharau hata kidogo. Kila nikisema ananisubiri nimalize. Hilo ndilo lililoniumiza, maana angekuwa mkorofi ningemfokea yakaisha. Nikaona niite jeshi.

"Baba watoto! Mbona umekaa tu? Sema na mjukuu wako!"

Alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama kawaida yake akigonga soli. Akaitema kiganjani, mmoja mmoja.

"Nimwambie nini, mama watoto? Mimi mwenyewe siamini. Tangu ujana."

"Babu!" Mjukuu akaruka kitini. Hata yeye hakujua.

Mimi nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi akiwa usingizini.

"Basi ile amina yote ulikuwa unamwitikia nani?"

Akachukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha. Nikaigeukia cherehani nikakanyaga pedali, sioni ninachoshona. Kumbe nimeomba peke yangu miaka yote hiyo? Na huyu niliyezaa naye watoto watano ni nani hasa? Niliposimamisha gurudumu, nilikuwa nimeuziba mkono wa gauni la mteja, hata kidole hakipiti.

Mjukuu akanyoosha mkono afumue. Babu yake akamtangulia. Akavuta kigoda karibu na magoti yangu, akaanza kukata uzi kwa kisu chake cha kukatia ngozi, pole pole, asijeruhi kitambaa.

"Unaikumbuka ile homa ya kifungua mimba wetu?" akasema bila kuinua macho. "Uliomba mpaka sauti ikakukatikia katikati. Ukabaki unatetemeka na mtoto kifuani. Mimi sikuwa na Mungu wa kukupa. Nikasema amina, nikaona umepumua. Nilikuwa nakuitikia wewe, mama watoto. Ujue nipo."