Mkono wa Baraka

Tangu avue joho akaingia katika chama cha kudai uhuru, hapakubaki mtu wa kumwita Mchungaji ila mkewe. Walimwengu wote walimwita Mheshimiwa. Na mkewe, siku tatu kabla ya kukata roho, alimshika kidole akamwambia, "Mchungaji, kaburini utanibariki wewe. Si mwingine."

Akaitikia, hali akijua kwamba baraza la kanisa lilimfuta katika daftari la wachungaji miaka kumi na tisa nyuma, na barua ya kuridhia aliitia saini kwa mkono wake.

Kulipopambazuka baada ya kifo, akaenda dukani kwa mwenyekiti wa baraza, fundi saa aliyebatizwa naye zamani. Akasimama kizingitini, kofia mkononi.

"Karibu, Mheshimiwa. Keti. Kiti hiki hakigombewi."

"Leo sina utani, mwanangu. Nirudishieni uchungaji kwa dakika moja tu, nimbariki mama yenu."

Fundi akaitoa lenzi jichoni, akaiweka mezani. "Baraka tu, Baba. Mahubiri hapana."

"Baraka tu."

Makaburini watu walifurika. Chama kilileta malori mawili ya wanachama, sare zao zikawameza waumini.

"Baba, waambie wakae nyuma," binti yake alimnong'oneza.

"Waache, binti yangu. Nao wamefiwa."

Mchungaji kijana akamaliza sala, akarudi hatua moja. Mgane akasogea, akainua mkono wa kuume, kiganja wazi, kama alivyouinua ubatizoni na harusini enzi zile. Na kama alivyouinua majukwaani miaka yote iliyofuata.

"Bwana..."

"Uhuru!" waliitika mamia kwa sauti moja. "Uhuru na umoja!" Ngumi zikapaa.

Hawakukusudia ubaya, wengi wao walikuwa wakilia. Mkono ule, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuuitikia. Akangoja kimya kirejee, akauinua tena. Wakaitika tena, kwa nguvu zaidi, wakidhani anaomba wamsaidie.

Mara ya tatu hakuuinua. Fundi saa akamwashiria mchungaji kijana, naye akaimaliza baraka, macho yake chini.

Zamu ya kutia udongo ilipofika, binti akautafuta mkono wa baba yake ili amwongoze. Ulikuwa umezama mfukoni mwa koti.

"Baba, nipe mkono."

"Uache ulipo, mwanangu."

Akainama, akamtilia mkewe udongo kwa mkono wa kushoto.