Aliyefuta Mashine

Gumato Halake, mpiga chapa, alifika ofisini Isiolo saa mbili asubuhi, Jumanne ya katikati ya Agosti 1989, akakuta wanaume wawili wamesimama kwenye meza yake. Mmoja alikuwa Mhandisi Denge, mkuu wa mradi wa maji. Wa pili alikuwa Salesio, afisa tawala, ambaye kwa miezi saba hakuwa amemsalimia.

"Salaam aleikum," alisema.

Denge peke yake aliitikia. Salesio alinyoosha kidole kwenye kompyuta, ile ndogo ya kukunja ambayo wafadhili walileta mwaka uliopita. Ilikuwa wazi. Kioo kilikuwa cheusi, na juu kabisa palikuwa na mstari mmoja wa maandishi ya Kiingereza.

"Umeharibu mashine," Salesio alisema.

"Nimefika sasa hivi."

"Jana jioni wewe ndio ulishika mwisho. Asubuhi mhandisi anataka ripoti, anawasha, anapata hii."

Gumato aliweka mkoba chini akainama kusoma. Maandishi yalisema mashine haipati ile programu inayopokea amri. Alizima, akangoja, akawasha tena. Mstari ulirudi vilevile. Ndani ya mashine ile kulikuwa na visima mia moja arobaini na tatu, kuanzia Oldonyiro mpaka Kulamawe: kina cha kila kimoja, chumvi yake, na mwezi wa mwisho pampu kuguswa. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

"Mtu amefuta mfumo," alisema. "Zile faili zinazoendesha mashine yenyewe hazipo."

"Sisi hatujui maneno hayo," Salesio alisema. "Wewe ndio ulipelekwa kozi."

Denge alikuwa mtu mrefu asiyependa kelele, na woga wake mkubwa ulikuwa wageni kutoka Nairobi. Walikuwa njiani. "Kesho saa sita wanakaa hapa," alisema. "Gumato, kama ripoti haitatoka, sitakuwa na jibu la kuwapa. Nitawapa jina lako."

"Jina langu kwa kosa gani?"

"Mashine iko kwa meza yako."

Aliondoka. Salesio alibaki amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama askari anayelinda mfungwa.

Gumato alijua kinachohitajika. Mashine ilikuja na disketi ya mfumo. Ukiichomeka, mashine inaamka kwa kutumia disketi, kisha unairudishia kilichofutwa. Disketi hiyo ilikuwa kwenye kabati ya Salesio, kwa sababu kila kitu kipya kilichoingia ofisini kilifungiwa kwenye kabati ya Salesio.

"Nipe disketi ya mfumo."

"Leta barua ya mhandisi."

Alienda akaandikiwa barua. Salesio aliisoma mara mbili, akatoa funguo polepole, akafungua kabati. Disketi haikuwa kabatini. Ilikuwa juu yake, imelazwa kwenye spika ya redio ya mawasiliano, chini ya vumbi na kalenda ya zamani.

"Umeiweka kwa spika?"

"Spika ina makosa gani?"

"Ina sumaku, Salesio. Sumaku inafuta disketi."

Alijaribu hata hivyo. Mashine ilikoroma, ikakwaruza, ikasema haiwezi kusoma. Alijaribu mara tatu. Salesio alitazama dirishani, nje ambako upepo ulikuwa unapeperusha mifuko na maganda ya miraa kwenye ua.

Alikuwepo mtu mmoja tu wa karibu mwenye mashine kama ile. Elizabeth Nakuam, karani wa zahanati ya wamisionari kule Oldonyiro, alikuwa amesoma kozi moja na Gumato. Denge aliposikia alitoa Land Rover mara moja, lakini akaongeza neno ambalo hakuna aliyelitaka.

"Mtaenda wote wawili. Kitu cha watu wengine kinatiwa sahihi na afisa tawala."

Lotukoi, dereva, aliwafungulia milango. Salesio alikaa mbele. Gumato alikaa nyuma kati ya vipuri vya pampu na mtungi wa maji. Barabara ilikuwa mbaya na vumbi liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Baada ya saa nzima Salesio alianza kuongea akitazama mbele, kana kwamba anamwambia Lotukoi.

"Miaka kumi na moja niko hii ofisi. Nilikuwa hapa ikiwa hema moja na pipa la maji. Halafu mtu anakuja, mwaka haujaisha, anapelekwa Nairobi."

"Uliulizwa kwanza," Gumato alisema. "Ukasema kupiga chapa ni kazi ya wanawake."

"Nilisema hivyo mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Nilikuwa nimeleta chai."

Lotukoi alikohoa. Salesio aligeuka kwa mara ya kwanza, uso umejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Unajua unachofanya? Zamani mtu akitaka kujua kisima cha Gafarsa kina kina gani, alikuja kwangu. Nilifungua faili, nilimwambia. Sasa anakuja kwako. Mimi wananiuliza funguo ya choo."

"Mimi sikukunyang'anya faili. Nilikuomba unisomee zile namba tuziingize pamoja. Ulinitupia makaratasi sakafuni."

"Yalianguka."

"Ulitupa."

Lotukoi aliongeza mwendo mpaka Oldonyiro.

Ilikuwa siku ya mnada. Mbuzi walijaa barabarani, na Lotukoi alipiga honi mpaka wenye mbuzi wakaanza kumtukana. Elizabeth, ambaye Denge alikuwa amempasha habari kwa redio, aliwapokea kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati. Alimkumbatia Gumato, akampa Salesio mkono.

"Habari ya safari? Nani amefuta?"

"Huyu," Salesio alisema.

"Mimi sijafuta," Gumato alisema. "Na nikiifungua nitajua ni nani."

Elizabeth aliwatazama wote wawili, akaacha kuuliza. Alitoa disketi tupu akaanza kunakili. Mashine yake, kama ile ya Isiolo, ilikuwa na tundu moja tu la disketi, kwa hivyo ilimbidi achomeke ya asili, aitoe, achomeke mpya, aitoe, tena na tena, karibu nusu saa. Salesio hakuketi. Alipoletewa karatasi ya kutia sahihi, aliandika chini ya jina lake: *Imechukuliwa kwa sababu ya uzembe wa mpiga chapa.* Gumato aliisoma. Alichukua kalamu mkononi mwake, akakata maneno hayo kwa mstari mmoja mzito, akamrudishia.

Kurudi, alifunga disketi ndani ya mfuko wa plastiki wa unga akaishika kifuani chini ya shali njia nzima. Mikono ilimfa ganzi.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa ofisini kabla mlinzi hajanywa chai. Alichomeka disketi, akawasha. Mashine ilinguruma kidogo, kisha alama ndogo ikaanza kumetameta, ikingoja amri. Alipiga amri ya kurudisha mfumo. Akanakili ile programu iliyokosekana. Akatoa disketi, akazima, akahesabu mpaka kumi, akawasha.

Iliamka yenyewe.

Alifungua sehemu ya visima. Vyote vilikuwepo. Aliyefuta alikuwa amefuta ukurasa wa juu tu. Hakujua kuna vyumba ndani, na faili nyingine zimehifadhiwa humo.

Ndipo akaona kwenye sehemu ya barua za utawala faili ambayo hakuwa ameiandika. Mashine huandika tarehe na saa kando ya kila faili. Hii ilisema Jumanne, saa moja kasoro dakika nane asubuhi. Aliifungua. Ilikuwa barua kwenda makao makuu, ikiomba Gumato Halake aondolewe kazini kwa kuwa hana heshima na hajui kazi, na chini yake jina la Salesio.

Alielewa yote palepale. Nafasi ndani ya mashine ilikuwa imebaki kidogo sana. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia mhandisi wiki iliyopita. Salesio aliandika barua yake kwa kuiga aliyoona Gumato akifanya, mashine ikakataa kuihifadhi, akafuta alichokiona mbele yake ili aipatie barua mahali. Barua ilihifadhiwa. Mashine ikafa alipoizima.

Alichapa ripoti kwanza. Kisha akachapa barua, na orodha ya faili yenye saa, akampelekea Denge.

Mhandisi alisoma akiwa amesimama. Alikunja karatasi mara nne.

"Hii inaonyesha aliishika," alisema. "Haionyeshi alifuta."

"Mhandisi."

"Wageni wakienda tutaongea."

Wageni walikuja, wakala, wakasifu ripoti, wakaenda. Denge na Gumato hawakuongea. Wiki mbili baadaye Denge alitoa amri kwamba afisa tawala afundishwe kompyuta, ili ofisi isitegemee mtu mmoja.

Salesio alikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Alivuta kiti, akakaa mbali kidogo na meza. Kwa muda alitazama kibodi.

"Anza," alisema.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

Gumato aliweka mkono juu ya kibodi. Nje lori la ng'ombe lilikuwa linajaribu kugeuka, na turnboi anapiga bodi kumwongoza dereva.

"Sawa," Salesio alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Nilitaka nafasi ya barua. Sikujua."

"Usiniambie mimi. Mimi nilijua tangu siku ile. Mwambie mhandisi."

Salesio alinyanyuka. Gumato alisikia viatu vyake kwenye baraza, vikifika mlango wa mhandisi, vikasita. Kisha vikaendelea mpaka uani, na lango likabamizwa.

Daftari lilibaki kwenye kiti. Gumato alilisukuma kwa mguu likaanguka sakafuni, akaendelea na visima vya Kulamawe.