Sare ya Wale wa Litine

Kitu cha kwanza alichokiona Muanacha alipoteremka ngazi za mtaa wa Esteu ni jiwe la kusagia musiro, ule mti wa kupaka usoni. Lilikuwa palepale barazani kwa Atija, mama yake mdogo aliyemlea, ila lilikuwa kavu. Zamani, asubuhi kama ile, lingekuwa limelowa, na uso wa Mama Atija ungekuwa umekwisha pakwa, mweupe kama unga.

Vingine vilikuwa vilevile. Mapaa ya makuti yalikuwa bado usawa wa barabara, kwa kuwa mawe ya pale chini yalichimbwa kale kujengea majumba ya wakubwa. Majumba yenyewe sasa hayakuwa na mapaa, na mitini ilikuwa imeota madirishani. Kisiwa kilikuwa kimezeeka bila kumngoja.

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo hata kuku hawakushtuka.

"Nani huyo anayebisha kama anaiba?"

Mama Atija alitokea, mikono imejaa unga wa muhogo. Akamtazama mwana wa dada yake juu mpaka chini. "Umenenepa," alisema. Hivyo tu.

Muanacha alikalishwa mkekani, akapewa majani ya siri-siri yaliyopikwa kwa nazi. Ladha ile ilimrudisha utotoni mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akatoa zawadi yake: kitambaa cha kujifunga, kapulana ya manjano yenye vipepeo vya zambarau, aliyoichagua kutwa nzima sokoni Nampula.

Jirani yao Rabia, aliyekuja kuazima kinu, akajipiga kofi la paja. "Weee! Atija, mwanao kakuletea msiba! Si sare ya wale wa Litine hiyo?"

Muanacha alitamani ardhi immeze. Kila kikundi cha tufo, ngoma ya wanawake wa kisiwani, huchagua kitambaa kimoja kwa mwaka, na mwanamke hachezi bila hicho. Kuvaa cha wapinzani, kama hao wa mtaa wa Litine, afadhali utoke kichwa wazi. Na Mama Atija ndiye mwimbishaji wa Esteu.

"Ivae tu, shoga," Rabia alichokoza. "Wale wa Litine watakutungia wimbo, tuuimbe mpaka kwenye matanga yako!"

Mama Atija hakucheka. "Angekuwa anakaa hapa angejua. Lakini alipoitwa mjini na mjomba wake, alikwenda bila chozi. Hata nyuma hakutazama."

Muanacha akainama. Alikuwa amekuja kuomba arudi kukaa. Mjomba alimtoa shule akamlelee watoto, na sasa watoto wamekua. Kule hakuna tena anayemhitaji. Lakini utamwombaje makao mtu anayeamini ulimkimbia? Akaanza kuikunja upya ile kapulana ya vipepeo.

Rabia alipoondoka na kinu chake, Mama Atija aliingia chumbani, akatoka akiburuta sanduku.

"Alasiri tuna harusi. Hukai mlangoni pangu na vipepeo vya Litine."

Akafunua. Ndani mlikuwa na kapulana zilizokunjwa, zikinukia karafuu: ya samawati, ya maua mekundu, ya mikorosho, nyingine na nyingine, zote mpya, hata na maji hazijaguswa.

"Za nani hizi, mama?"

"Za nani! Kila mwaka kikundi kikinunua, nanunua yangu na yako. Wenzangu wakasema nimeingia wazimu, namvisha mtu asiyekuwepo. Ya mwaka huu ndiyo hiyo ya juu. Haya, jifunge, tusichelewe."

Muanacha aliishika asijifunge. Aliliona tena lile daraja refu la kutokea kisiwani, upepo ukipiga, mjomba ametangulia na furushi, naye msichana mdogo nyuma yake akienda polepole, polepole mno, mpaka mjomba akamkemea.

"Mama," alisema, na safari hii sauti ilitoka. "Nataka kubaki. Hata siku ile nilitaka. Sikutazama nyuma kwa sababu nilikuwa natega sikio. Nilikuwa nangoja uniite."