Mikwaruzo ya Miali

Mwaka 2021, tulipofungiwa huku magharibi mwa Sydney, wakubwa wa makao ya wazee ninakofanya kazi, kule Minto, waligundua kwamba korona inajificha kwenye mapambo. Tukaamriwa kupulizia dawa fremu za picha, saa za mezani, hata rozari. Mimi nilikuwa nachomekwa kijiti puani kila siku ya tatu kwa kosa la kuishi Blacktown, eneo lililotangazwa la hatari, kwa hiyo sikuwa na nguvu za kuuliza maswali.

Chumbani kwa Bi Beryl kulikuwa na pambo moja tu: sanamu ya jiwe la sabuni, mwanamke aliyebeba mtoto ndani ya kofia ya koti lake. Bi Beryl ana miaka themanini na sita na macho yake yamebaki na vivuli tu. Kila asubuhi huipakata sanamu hiyo, akaweka kidole gumba chini yake, ndipo anywe chai. Dawa yetu ya ajabu ikaacha mabaka meupe kwenye jiwe.

Basi nikajitia fundi. Na kweli fundi ni mimi! Nimezaliwa Tabaka, Kisii, ambako wanaume huchonga na sisi wanawake hukaa na beseni la maji na msasa, tunasugua mpaka jiwe ling'ae. Miaka kumi na tisa nimesugua vinyago vya viboko vya kuuzia watalii. Dalali akiona mkwaruzo mmoja chini ya kiboko, anakurudishia gunia zima. Nikaipeleka sanamu bafuni, nikaona aibu kwa niaba ya aliyeichonga: alama za patasi ameziacha vilevile, na chini kuna mikwaruzo ovyo, pembetatu moja na vindoano viwili, kama kuku amepita. Maskini, nikasema, huyu hakuwa na mwanamke wa kumsugulia. Nikasugua, nikapaka nta, chini pakawa laini kabisa. Nikajipongeza sana.

Kesho yake Bi Beryl akaipakata. Kidole gumba kikaenda chini, kikatafuta. Kikatafuta tena.

"Jina lake liko wapi?" akauliza.

Ndipo akanieleza. Mwaka 1959 alikuwa nesi kijana katika hospitali ya kifua kikuu huko Kanada. Wagonjwa wengi walikuwa Wainuiti, wenyeji wa nchi ya barafu, waliotolewa kaskazini kwa meli na kulazwa miaka, mbali na kwao. Mmoja aliitwa Miali, na alikuwa ameacha mtoto mchanga. Alichonga sanamu hiyo kitandani, akaandika jina lake chini kwa herufi za kwao, kama wachongaji wao wanavyofanya. Alikufa bila kumwona mtoto tena, sanamu akamwachia Bi Beryl.

Nikatoka nje. Nikamsimulia Chibalonza, mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu.

"Unyamaze, mama," akasema. "Weye sema ni dawa ndiyo ilikula ile jina. Ni korona tu. Manager akijua, utaandika incident report mpaka Krismasi."

Mwaka ule korona ilibeba dhambi za kila mtu, nikaiongezea na yangu: nikarudi chumbani, nikasema ni dawa. Bi Beryl aliitikia kwa kichwa, akaiacha chai yake. Kesho yake pia hakuinywa. Siku ya nne nikajichukia.

Jumapili binti yake, Robyn, alipiga simu ya video kutoka Perth, mji uliokuwa umefunga mipaka yake ili sisi wachafu tusiingie. Nikamwomba picha ya sanamu, na ya chini pia anayo? Anayo. Nikaichukua sanamu kwa kisingizio cha kuitoa dawa, na kwa mapumziko matatu ya mchana nikakaa na msumari, nikachora pembetatu na vindoano vyake bila kukosea hata unywele.

"Dawa ilikuwa imeliziba tu," nikamwambia Bi Beryl, nikimwekea sanamu mapajani.

Kidole kikapita polepole.

"Hapana," akasema. "Miali hakuwa na pumzi. Kila mstari alipumzika katikati, mimi ndiye niliyemshikia taa. Huyu ana mapafu mazima, na amezoea jiwe. Ni mkono wa nani huu?"

Barakoa yangu ikalowa machozi. Viboko wangu wamejaa kwenye rafu za watu dunia nzima, na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Wa kwanza kuuliza ni kipofu, na ameuliza kwa sababu nimeghushi.

"Ni wangu mimi, Kerubo. Jina nililifuta mwenyewe, nikidhani ni mikwaruzo. Nisamehe, Bi Beryl."

Akapitisha kidole chini ya sanamu mara moja zaidi. Kisha akanirudishia sanamu.

"Andika na lako hapo," akasema. "Nijue ninayemkasirikia kila asubuhi."

Nikatoa msumari. Nikakaa nao mkononi muda mrefu, maana sijawahi kuandika jina langu kwenye jiwe, na sikujua huwa linaanzia wapi.