Mgongo Ukutani

Redio anasema aliingia mle ndani kutafuta choo tu. Redio ni jirani yangu wa mlango wa pili, na jina lake halisi sidhani kama analikumbuka mtu zaidi ya mama yake. Alikuwa amemsindikiza dada yake hospitali huko mjini, foleni ikawa ndefu, akabanwa. Akaona jumba kubwa jeupe, mlango wazi, watu wanaingia na kutoka bila kuulizwa kitu. Akaingia. Choo alikipata. Ila alipotoka chooni akapotea njia, akajikuta kwenye ukumbi uliojaa picha, na kwenye ukuta wa mwisho akaliona jina la mume wangu.

"Limeandikwa chini ya picha, shoga, herufi kabisa. Nikasema, huyu si Bwana Rangi wetu huyu?"

Nilikuwa nimepiga magoti nambania pindo la sketi yake, pini zimejaa midomoni. Nikamuuliza kwa macho.

"Aa, mimi sipendi kuingilia nyumba za watu," akasema. Redio akianza hivyo, ujue mguu wake mmoja uko ndani tayari. "Ni picha ya mwanamke. Kakaa kwenye kigoda, mgongo katuelekezea sisi. Zipu ya gauni iko wazi mpaka hapa." Akanigusa kiunoni. "Na shingo, mama wee! Nilisimama nikaiangalia ile shingo mpaka nikasahau nina mgonjwa. Nikajisemea, huyu si mwenzangu. Mwenzangu namjua, shingo yake ya kawaida tu. Utanisamehe lakini."

Pini moja ikamchoma kidogo. Sikukusudia sana.

Mume wangu ni mchora mabango. Samaki kwenye mlango wa muuza samaki, vichwa vya saluni, matairi ya fundi wa magari, vyote mtaani kwetu ni mkono wake. Kucha zake hazijawahi kuwa safi, ndiyo maana wakamwita Bwana Rangi. Tulipooana tulikuwa na chumba kimoja. Cherehani yangu niliiweka dirishani kwa ajili ya mwanga, yeye akawa anatandaza mbao zake sakafuni nyuma yangu. Mimi nashona, yeye anapaka, tunazungumza bila kuangaliana. Halafu akapata kazi kwenye karakana ya mabango mjini. Anarudi mwisho wa mwezi, anakula, anauliza kama paa bado linavuja, analala amegeukia ukuta. Siku moja aliniambia kuna watu mjini wamezipenda picha zake, wamempa na mahali pa kuchorea. Nikasema vizuri. Nilidhani ni za samaki.

Sasa ikawa nikikaa kwenye cherehani nashona mgongo tu. Wateja wangu mimi nawajua kwa nyuma kuliko kwa mbele. Niweke sokoni, nitakuambia yule ni mke wa muuza duka, yule ni mwalimu wa watoto wadogo, kabla hajageuka hata mmoja. Nani ana mabega mapana, nani uti wake umepinda, nani kaongezeka tangu sikukuu na hataki kusema, yote nimeyashika mkononi na futi yangu. Nikawapitisha mmoja mmoja. Shingo ndefu, zipu mpaka kiunoni. Nani kati yao ana jamaa mjini? Nani anasafiri sana? Mteja mmoja wa watu, mpole wa Mungu, alikuja kuchukua blauzi yake nikamjibu kwa mkato, kwa sababu tu alikuwa amenyoosha shingo kujitazama kwenye kioo.

Kilichoniuma zaidi ni ile zipu. Mimi nikivaa gauni, kila asubuhi nilikuwa namgeukia mume wangu, "Nifungie," naye anafunga, anapiga kofi dogo begani kama mtu aliyemaliza kazi. Tangu aende mjini nimejifunza kufunga uzi kwenye kishikio cha zipu, naurusha begani navuta mwenyewe. Nikaona hivyo ndivyo maisha yalivyo. Kumbe mwenzangu vidole vyake havikupumzika.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: ile zipu ni ya nani.

Redio akasema lazima twende wote. "Nani atakuonyesha njia? Na choo nakijua."

Nilivaa gauni langu la kijivu la kutokea. Nililishona mwenyewe, na kama nguo zangu zote linavuta upande mmoja mgongoni. Sijui kwa nini. Za wateja hukaa sawasawa, zangu hukataa. Mtu hawezi kujipima mgongo mwenyewe, nakata kwa kukisia.

Nilipoingia kwenye lile jumba nilikuwa nimeuma meno, nimepanga maneno yangu yote. Lakini ukumbi wa kwanza ukanikamata. Palikuwa na picha ya ndoo na tambara kwenye sakafu iliyopigwa deki, basi, hakuna kingine. Sakafu imelowa mpaka nikajikuta nimeinua pindo la gauni. Nikacheka peke yangu. Mbele yake palikuwa na mwanamke wa kuchongwa, mti mweusi, amejifunika nguo, na ile nguo ilikuwa mti pia, lakini ilianguka kama kitambaa laini kinavyoanguka ukikikata mshazari. Nikanyoosha mkono kuipapasa. Mlinzi akakohoa.

"Huyu naye kamwaga chai akaiwekea fremu," Redio akasema mbele ya picha nyingine.

"Hebu nyamaza kidogo." Nilikuwa naitazama. Ilikuwa rangi ya kahawia tu, inakolea na kufifia, na mimi nilitaka kuendelea kuitazama. Nilitembea ukumbi mpaka ukumbi polepole, kimya, sakafu inang'aa, kila kitu kimepewa nafasi yake na taa yake. Sikuwahi kujua kuna mahali watu wanaruhusiwa kusimama tu na kutazama, na hakuna anayewauliza wanangoja nini. Ndipo wivu ukanirudia, ukaja na mwenzake. Miezi yote hii mume wangu amekuwa akikaa na vitu hivi. Anatoka humu anakuja kwangu, ananiuliza habari za paa.

"Ule pale," Redio akasema.

Nikamwona.

Amekaa kwenye kigoda, kichwa ameinamisha kidogo. Gauni la buluu, zipu wazi, ngozi ya mgongo inaangaza kama imepakwa mafuta sasa hivi. Nywele zimekusanywa juu, zile ndogondogo za kisogoni zimebaki, kila mmoja umechorwa peke yake. Na shingo. Redio hakutia chumvi. Ilikuwa shingo ya mtu anayependwa.

Nikampima. Sikuwa na futi, nikampima kwa macho. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia. Kama ningemshonea, ningemwekea pedi upande huo. Kiuno si chembamba. Uti umenyooka, ila juu umeinama kidogo. Nikarudi kwa wateja wangu wote, wa sasa na wa zamani, hata waliohama. Hayumo. Basi ni wa mjini. Ni mwanamke nisiyemjua, ambaye mimi simo hata kwenye hesabu zake.

Wasichana wawili wakaja wakasimama karibu yangu. Mmoja akasema taratibu, "Angalia alivyompenda." Mwenzake akajibu, "Hachoki kumtazama huyu."

Nikasogea hatua moja mbele.

Nyuma yangu Redio alikuwa kimya. Redio akinyamaza kuna jambo.

"Inamisha kichwa," akasema.

"Nini?"

"Inamisha kichwa. Kama unashona. Usigeuke!"

Nikainamisha, ili aniache. Nikasikia simu yake ikilia mlio wa kupiga picha.

"Mama yangu mzazi," Redio akasema. "Shoga, ni wewe."

"Acha utani."

"Mpaka bega! Mimi siku zote nakuona kwa mbele, pini mdomoni. Hebu jione."

Akanipa simu. Walikuwa wawili, mmoja ukutani, mmoja amesimama mbele yake na gauni la kijivu, uzi unaning'inia kwenye zipu. Kisogo kimoja. Shingo moja. Bega la kushoto chini, la kulia juu, na gauni la kijivu limevutwa kulifuata. Nikaelewa kwa nini nguo zangu hukataa. Mgongo wangu sikuwahi kuuona mimi. Kwa mara ya kwanza nauona, kumbe watu wa mjini wameshauona wote.

Ungedhani nitafurahi. Redio alifurahi kwa niaba yangu, akaenda kumweleza mlinzi, na mlinzi akasema wachoraji wana chumba cha kazi huko nyuma, ngoja amwite. Mimi nikabaki namtazama yule mwanamke, na roho haikutulia. Wasichana wale hawakugeuka kunitazama mimi. Walikuwa wanamtazama yeye.

Mume wangu akaja na tambara mkononi. Aliponiona akasimama.

"Fundi? Umekuja na nani? Nyumbani kuna nini?"

"Kaja na mimi, na nyumbani hakuna kitu," Redio akasema. "Mimi naenda chooni." Na kweli akaenda.

Tukabaki sisi wawili. Watatu.

"Umemwona," akasema.

"Nimemwona."

"Ni wewe."

"Nimeambiwa."

Akapangusa vidole vilivyokuwa vikavu tayari. "Sikupanga. Nilipewa kitambaa cha kuchorea, nikaambiwa chora unachokijua. Nikashika brashi, mkono ukaenda wenyewe dirishani pale kwetu. Ulivyokuwa unakaa. Ulivyokuwa unaniambia nikufungie."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nimekutundika ukutani zipu wazi? Nilijua utaninunia."

"Ukija nyumbani unageukia ukuta."

"Nakuwa nimechoka, mke wangu."

"Kwa huyu huchoki."

"Kwa nani?"

"Huyu." Nikamwonyesha kwa kidevu.

Akacheka, akadhani nimetania. Alipoona sijacheka akashusha sauti. "Unauonea wivu mgongo wako mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Umekaa naye. Umemhesabia nywele. Mimi mara ya mwisho kunitazama ilikuwa lini?"

Akanishika mkono, akanipitisha mlango wa nyuma mpaka chumba chao cha kazi, chumba cha zege chenye dirisha kubwa na harufu ile ile ya nguo zake. Alitaka kunituliza. "Njoo uone. Yote haya ni wewe." Akaanza kugeuza vitambaa vilivyoegemezwa ukutani, kimoja baada ya kingine, haraka, kama muuza duka anayekuonyesha vitenge. Mimi nafua. Mimi nimesimama mlangoni nangoja mvua iishe. Mimi nachana nywele. Mimi nimelala. Nilikuwa mzuri, siwezi kukataa. Mkono wake umekua, ungeweza kuyasikia maji kwenye lile beseni.

Kila alipogeuza kimoja nilingoja. Mimi najua kungoja. Alipomaliza cha mwisho akanitazama, uso wake wote umejaa tumaini, kama mtoto aliyeleta daftari lake.

"Yote ni mgongo," nikasema.

"Ndivyo ulivyokuwa unakaa."

"Uso wangu uko wapi?"

"Huo nitauchora. Huo unahitaji muda."

Alikuwa amenitazama mimi, uso kwa uso, akiyasema hayo. Nikamsogelea, nikalichukua lile tambara mkononi mwake, nikaliweka juu ya meza penye makopo ya rangi.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Fumba tu."

Akafumba. Kope zake zilikuwa na nukta ndogo ya buluu, buluu ile ile ya gauni.

"Sasa niambie uso wangu ukoje," nikasema. "Usinipambe. Anza popote unapotaka, macho, pua, kovu, popote."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Vidole vyake vikaanza kucheza hewani taratibu, kama vinatafuta kishikio cha zipu. Huko ukumbini nilimsikia Redio ananiita, shoga, shoga uko wapi, na mlinzi anamkoholea. Sikuitika. Nilisimama mbele ya mume wangu, karibu, kiasi cha kusikia pumzi yake, nikangoja.