Shahidi wa Sukari Isiyodhuru

Mgeni alimkuta Kamanthe uani, amekaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ndani ya karai la maji ya chumvi. Mgeni huyo alikuwa amevaa koti jeupe la daktari, viatu vimejaa vumbi la kijiji cha Katelembo. Kamanthe akautoa mguu haraka, akakifunika kidonda kwa leso. Alidhani hatimaye serikali imewakumbuka wagonjwa wa sukari, maana dispensari haikuwa na vidonge tangu Januari.

"Mwaitu, natafuta Mama Munyao," mgeni akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Loise. Nimeambiwa ako na sukari."

Loise alikuwa mke wa shemeji yake, nyumba yake ng'ambo ya ua. Kamanthe akamwambia kwamba hata yeye anaugua, mwaka wa sita sasa. Mgeni, aliyejitambulisha kama Wesley, akamweleza kwa upole kwamba kampuni yake inauza sukari ya Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, tamu lakini isiyomdhuru mgonjwa. Kila kijiji huchaguliwa shahidi mmoja. Hupewa mkebe bure kila mwezi, na kazi yake ni kusimama kanisani aseme imemsaidia.

"Basi si uniandike mimi?"

Wesley akautazama mguu. "Tunapiga picha, mwaitu. Hiyo mguu itaogopesha watu."

Jumapili hiyo Loise alisimama mbele ya kanisa, akapigiwa makofi. Mutanu, nesi wa dispensari, ndiye aliyeuza mikebe mlangoni. Siku ya pili picha ya Loise ilikuwa imebandikwa kwenye dirisha la dawa, mkebe shavuni, meno yote nje.

Tangu hapo Kamanthe hakuwa na raha. Kila asubuhi alimsikia Loise akikoroga chai, kijiko kikigonga kikombe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wanawake waliozoea kumsalimia yeye kwanza walipita moja kwa moja hadi ng'ambo. Miaka sita alikuwa amekunywa chai chungu na uji mchungu. Na huyu, aliyeanza kuugua juzi tu, ndiye alikuwa akilamba vidole.

Siku moja Loise akamwita, akammiminia kikombe. Kamanthe akanywa funda moja. Chini ya iliki na mdalasini kulikuwa na ladha aliyoifahamu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepika kaluvu, pombe ya sukari guru, akasomesha watoto watatu. Sukari guru hata ukiisaga na kuifukiza manukato, hangekosa kuitambua. Maneno yakamfika ulimini.

"Ungepewa wewe," Loise akasema akicheka, "lakini hata Mungu naye huangalia sura."

Kamanthe akaimeza chai, akameza na maneno. "Ni tamu," akasema.

Wiki ya saba Loise akaanguka kwenye shamba la mbaazi. Hospitalini Machakos kamashine ka kupimia hakakutoa namba. Sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Alipozinduka, hakuona chochote ila vivuli. Kamanthe alikaa kando ya kitanda siku mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Ile ni sukari guru, Mama Munyao. Wameiwekea viungo tu."

Loise akageuza uso kuelekea sauti yake. "Ulijua lini?"

"Ile siku ya chai."

Loise hakumlaani. Alipapasa blanketi mpaka akaupata mkono wake, akaufinya kwa nguvu. "Watu wanakunywa kwa sababu yangu. Simama kanisani uwaambie. Niahidi."

Kamanthe akaahidi.

Jumamosi Wesley akaja tena, mara hii kwake, akiwa na Mutanu. Nafasi ya shahidi ilikuwa wazi. Mguu ungevalishwa soksi. Mutanu akamwambia kwamba vidonge vimefika, lakini ni vya watu kumi tu, na orodha anaiandika yeye.

"Nimekuweka wa kwanza, Mama Mutua," akasema. "Kama tunaelewana."

Kamanthe akautazama mguu wake. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Kesho yake kanisani akaitwa mbele kama shahidi mpya. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hii kitu ni sukari guru," akasema. "Nimepikia kaluvu miaka kumi na mbili, naijua. Loise amepoteza macho. Na mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya wivu."

Mchungaji akamtazama Wesley, aliyekuwa amelinunulia kanisa vile vyombo vya sauti. Kisha akainua kidole, na sauti ikakatwa. Kwaya ikaanza wimbo. Kamanthe akaendelea kusema yote aliyotumwa, midomo ikicheza, mpaka akamaliza. Mlangoni Mutanu alikuwa ameinamia daftari la vidonge, akilikata jina la kwanza.

Nje chai ya baada ya ibada ilikuwa ikigawiwa, na foleni ya mikebe ilikuwa imefika langoni. Nzisa, mama wa jikoni ya kanisa, akamwona Kamanthe akichechemea peke yake, akamhurumia. Akamkalisha kwenye benchi, akamtia kikombe mkononi.

"Kunywa kwanza utulie, Mama Mutua," akasema. "Nimekuwekea ile sukari ya wagonjwa. Vijiko vitatu."