Mama Alibonyeza OK

Kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, huchomeka diski ya nje kwenye kompyuta na kuhakikisha kazi zangu za video zimekaa salama. Asubuhi ile nilifungua nikakuta folda moja tu, imeandikwa REKODI. Ndani hamna kitu.

Video ya harusi ya mteja wangu, Jenifer wa Migato, ilikuwa humo. Kadi za kamera nilishazifuta ili nipigie kazi nyingine, na kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilihamishia kila kitu kwenye diski. Nakala nyingine haikuwepo. Chai ikafurika, sikuinuka.

"Mama, kuna mtu kagusa diski yangu?"

Mama aliingia akijifuta mikono kwenye kitenge. Aliangalia ukuta.

"Jana niliichomeka kwenye king'amuzi. Kikauliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza OK."

"OK ya nini, mama?"

"Si huwa tunabonyeza OK ndiyo chaneli zinarudi?"

"Sasa uliichomeka ya nini?"

"Nilikuwa napanga vitu."

 Niliifunga diski kwenye kitambaa nikaenda kwa Elia, fundi wa kompyuta karibu na stendi ya Bariadi. Mama alivaa viatu akanifuata bila kuambiwa.

"Mwangaluka, mayu," Elia alimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Elia akamgeukia mama.

"King'amuzi kimeifomati ili kirekodi vipindi humo. Mlirekodi chochote baada ya hapo?"

"Nilichomoa palepale. Kiliandika maneno mengi, nikaogopa."

"Woga wako umetusaidia, mayu. Vitu huwa bado vimo, ila diski imesahau vilipo. Ungekiacha kikarekodi tamthilia juu yake, leo tungekuwa na tamthilia tu."

Mama hakucheka. Elia aliwasha programu ya kutafuta mafaili, tukakaa kwenye benchi tukisubiri. Simu yangu ikaita. Jenifer.

"Felisita mdogo wangu, video imefika wapi? Baba mkwe alikuwa amelazwa siku ile, hakuona hata kipande. Kila siku anaiulizia."

"Naishughulikia, dada," nilisema, nikakata kabla sauti haijanisaliti. Mama alikuwa amesikia yote. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Mchana ulipokaribia Elia akatuita. Mafaili yalikuwa yamejaa kwenye skrini, hayana majina, namba tupu, harusi zangu zote zimechanganyika. Alifungua la kwanza: kiatu cha mtu, na vumbi. Akafungua jingine. Jenifer akatoka mlangoni kwao Migato, vigelegele vikajaa dukani mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia.

Nilifunika uso nikalia.

"Lia tu," Elia alisema, "ila sogea, usinilowanishie kibodi."

Alihifadhi kila kitu kwenye diski nyingine, mpya, kisha akaniachia kiti niangalie kama yamekamilika. Mama akavuta stuli akakaa ubavuni kwangu. Shangazi wa bwana harusi alicheza mpaka kilemba kikadondoka, akaendelea kucheza. Mama alicheka kwa sauti.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Alitazama mara ya pili bila kupepesa macho. Halafu wazee wakapokea zawadi, halafu Jenifer akamkumbatia mama yake, na mimi siku ile nilikuwa nimesogea karibu sana, polepole, nisiwashtue. Mama akaacha kucheka.

"Hapa ulisimama wapi?"

"Nilipiga magoti nyuma ya ndoo ya maji."

Mama alichungulia mlangoni. Elia alikuwa ametoka nje kuongea na mteja wake.

"Felisita. Sikuwa napanga vitu," mama alisema. "Nilitaka kuona kwenye TV unachofanya ukiondoka na kile kibegi cha kamera. Niliona aibu kukuomba, maana mimi ndiye niliyewaambia watu kamera si kazi, umesoma bure. Ni kazi, mwanangu. Nzuri kabisa."